Maboya ya wazee: shajara ya mradi, kutoka Ruaha Mdogo hadi Mtera

Januari

Mradi ni huu: kutengeneza upya vifaa vya kuvulia kwa boya kama vilivyokuwa huku Nyanda za Juu Kusini kabla maboya ya plastiki hayajajaa madukani, na kuandika kumbukumbu za waliovitumia. Fimbo, uzi, boya, chubwi (kile kizito kidogo cha kushusha uzi majini), ndoana. Nyavu na mitego nimeviacha, maana uvuvi huo una watu wake na bado uko hai. Huu wa fimbo na boya ndio unaozimika. Kijana akiingia dukani Iringa mjini leo anapata boya la mviringo, nusu jekundu nusu jeupe, uzi wa nailoni na ndoana ya kiwandani, vyote kwa fedha kidogo. Hana sababu ya kumuuliza babu yake chochote.

Nilianza kwa kuwahoji wazee, na niliona upesi kwamba mahojiano ya kukaa kitini hayafiki mbali. Ukiuliza "mlikuwa mnavuaje?", utajibiwa: tulivua kwa ndoana, samaki walikuwa wengi. Basi. Lakini mpe mzee huyohuyo kisu na kipande cha bua, vidole vinaanza kazi na maneno yanafuata yenyewe, hata yale ambayo hakujua kuwa bado anayo. Kwa hiyo utaratibu umebadilika: kila kifaa kitatengenezwa mbele ya mtu aliyewahi kukitumia, naye ndiye atakayesema kama kimekuwa au hakijawa.

Januari, mwishoni. Ipogolo

Mzee wa kwanza anakaa Ipogolo, karibu na Ruaha Mdogo. Tulisalimiana, kamwene, shikamoo, marahaba, kisha nikamweleza kwamba nataka fimbo. Aliniuliza nataka ya kuvulia au ya kutembelea. Nilipomwambia ya kuvulia, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye kichaka cha mianzi na kunionyesha kwa nini karibu mianzi yote ile haifai.

Mwanzi wa Iringa ndio unaogemwa ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Masika yakiingia, chipukizi hukatwa ncha, hutegewa chombo, na kila siku jeraha huchongwa upya ili utomvu uendelee kudondoka. Mwanzi uliogemwa hautarefuka tena. "Sasa wewe unataka fimbo," akasema, "na fimbo ya samaki ni ncha. Ncha yenyewe imeshanywewa." Ni lazima kuwe na mianzi iliyoachwa makusudi bila kugemwa, ikakomaa kwa miaka mitatu hivi, na mwenye shamba asiyependa ulanzi hapa ni nadra.

Mwanzi huu una nyama nene, mara nyingine karibu haukuacha tundu katikati. Ndiyo maana fimbo yake ni nzito mkononi lakini haipasuki samaki akikaza. Wazungu wa zamani walifika mahali hapo kwa njia ndefu zaidi: walichukua mwanzi wa China unaoitwa Tonkin, wakaupasua vipande, wakavichonga kuwa pembetatu na kuviunganisha sita sita kwa gundi hadi ikatokea fimbo ya pembe sita isiyo na tundu. Fimbo hizo bado zinatafutwa sana na wavuvi wa Uingereza. Mzee nilipomchorea mchoro wake mchangani aliutazama kwa muda mrefu, akasema ni kazi ya heshima.

Hatukukata kitu. Mwanzi unaokatwa wakati wa mvua una sukari nyingi, na bungua huumaliza. Unakatwa kiangazi. Alinipa fimbo moja kuukuu iliyokuwa juu ya dari ya jiko, nyeusi kwa moshi, kavu, na bungua hajaigusa. Ndiyo nitakayoanza nayo.

Februari

Mwezi wa maboya, na ndiyo sehemu niliyoisubiri kwa hamu.

Bua la mahindi la mwaka jana, lililokauka vizuri, humenywa ganda hadi ubaki ule moyo mweupe. Ni mwepesi ajabu. Tatizo lake linajulikana na kila aliyekuwa mtoto hapa: linakunywa maji, na baada ya muda linazama bila samaki. Wengine walilitumia hivyohivyo na kubadilisha mara kwa mara, kwa kuwa shambani mabua hayaishi. Wengine walilitosa kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka. Nimejaribu hilo la pili mbele ya mzee. Akataka nta iwe ya moto zaidi ili ipenye, badala ya kuganda juu kama ganda la yai. Alikuwa sahihi. Boya la namna hiyo liliachwa ndani ya ndoo usiku kucha na asubuhi lilikuwa bado limesimama.

Kandambili ilikuja baadaye. Soli iliyokwisha ilikatwa kipande, ikatobolewa kwa msumari wa moto, na boya likawa tayari. Wengi niliozungumza nao, wale waliokua miaka ya 1980, hawakumbuki boya jingine.

Kisha kuna mzee wa Mufindi. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya chai na alikuwa akimbebea meneja mmoja vifaa vya kuvulia kwenye mabwawa ya shamba. Samaki wa trauti, walioletwa na Wazungu kwenye mito yetu ya baridi, walivuliwa kwa nzi wa bandia. Boya lilitumika bwawani. Kumbukumbu yake kubwa ni sanduku la mbao lenye vyumba vidogo vidogo, na ndani yake maboya yaliyopangwa kwa ukubwa, membamba, meusi na meupe, ncha zimepakwa rangi nyekundu. "Nilidhani ni kitu cha Ulaya," alisema. "Siku moja nikashika kimoja vizuri. Mwiba wa nungunungu!"

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Uingereza haina nungunungu wa porini. Miiba ilinunuliwa kutoka Afrika na Asia, ikafungwa kipete cha waya chini na kupakwa rangi juu, kisha ikauzwa kama maboya. Mji wa Redditch, uliosifika kwa sindano na ndoana, ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya biashara hiyo ya vifaa vya uvuvi. Kwa hiyo mwiba ungeweza kutoka kwenye bara letu, ukavuka bahari, ukarudi Mufindi ndani ya sanduku la mbao. Mzee alicheka sana nilipomweleza, na kucheka kule kulimfungulia mengine: rangi ya rili, ile gurudumu ya kukunjia uzi kwenye fimbo, harufu ya mafuta yaliyopakwa kwenye uzi, jinsi bwana yule alivyokataa kuzungumza akiwa majini.

Miiba ya nungunungu haikosekani huku. Mkulima wa viazi wa Njombe au Mbeya huiokota shambani asubuhi baada ya hasara ya usiku. Hata hivyo sitaitumia. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu viungo vya mnyama pori kuwa nyara, na kukaa na nyara bila kibali ni kosa. Nimewaambia hivyo vijana wanaonisaidia, wasije wakaniletea kwa nia njema.

Badala yake nimechukua manyoya ya bawa ya bata bukini, ambayo nayo ni boya la zamani sana la Waingereza. Unakata sehemu ile ya mrija isiyo na nywele, unaikwangua kwa wembe hadi ing'ae, unaziba tundu kwa nta ya nyuki. Ndani ni hewa tupu. Ncha nimeipaka rangi nyekundu ya kucha, maana inakauka upesi na haibanduki majini.

Februari, ndoo ya maji

Naandika hili peke yake kwa sababu ndilo moyo wa jambo lote.

Boya linapoelea, samaki anayetaka kulizamisha lazima asukume maji kwa kadiri ya kile kipande kilichobaki juu. Chukua boya la dukani la mviringo, kipenyo sentimita 3, nusu yake ikiwa nje: samaki anahitaji kuvuta nguvu ya kama gramu 7. Chukua boya la unyoya, unene wa milimita 3, ncha ya sentimita 2 ikiwa nje: anahitaji gramu 0.14. Tofauti ni mara hamsini. Kambale mkubwa hajali. Perege mwenye mashaka anajali sana. Akihisi uzito anatema chambo, na mvuvi anaona boya limetikisika kidogo tu na kutulia.

Wazee hawakupiga hesabu hiyo, lakini wote waliisema kwa mikono. Mzee wa Ipogolo aliweka boya la unyoya ndani ya ndoo, akaongeza uzito kidogo kidogo, akainama hadi jicho likawa sawa na uso wa maji. Kila alipoongeza, boya lilishuka kidogo. Aliacha ilipobaki ncha nyekundu tu. Kisha akagusa uzi kwa ukucha, ncha ikapotea. "Hapo," akasema.

Machi

Chubwi. Hapa nimechukua msimamo, na wazee wamenielewa.

Zamani ilikuwa risasi: vipande vya betri kuukuu ya gari, au zile zinazowekwa kwenye ringi kusawazisha gurudumu. Zilipondwa, zikakatwa, zikafungwa kwenye uzi kwa kung'atwa na meno. Karibu kila mzee aliyenionyesha alipeleka mkono mdomoni bila kufikiri. Risasi ni sumu inayojilimbikiza mwilini, na kwa watoto Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Waingereza nao waling'ata hivyohivyo vizazi na vizazi. Huko kilichobadilisha mambo ni ndege: batamaji walimeza risasi zilizoanguka mtoni pamoja na changarawe, wakafa kwa wingi, na kuanzia mwaka 1987 uuzaji wa chubwi za risasi kati ya gramu 0.06 na gramu 28.35 ukapigwa marufuku Uingereza.

Mbadala ulitoka kwa mzee mwenyewe. Alikumbuka kwamba pale risasi ilipokosekana walichukua waya wa shaba kutoka kwenye mota iliyoungua na kuuzungusha kwenye uzi. Nimepata waya kama huo kwa fundi wa mota. Unauzungusha kwenye njiti ya kiberiti, unachomoa njiti, unapitisha uzi katikati, unaminya kidogo. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.34, kwa hiyo chubwi inakuwa kubwa kidogo. Faida yake risasi haina: boya likizama mno unakata mzunguko mmoja, ukitaka uzito zaidi unaongeza mmoja. Kwenye ndoo nimeweza kusimamisha boya la unyoya kwa usahihi ambao punje za risasi zisingenipa.

Jambo dogo lililonifurahisha: boya linashikwa kwenye uzi na kimpira chembamba cha vali ya baiskeli. Fundi baiskeli wa sokoni alikuwa nacho kwenye kopo. Wavuvi wa Uingereza wa zamani walitumia kimpira hichohicho, na mzee wa Mufindi alikitambua papo hapo, akasema meneja wake alikuwa akikata vipande hivyo kutoka kwenye baiskeli ya karani.

Aprili

Mvua. Mito ni udongo mtupu, hakuna cha kujaribu. Nimemaliza ndoana mbili za sindano kwa msaada wa mfua chuma: sindano hupashwa hadi iwe nyekundu ili ilainike, hupindwa, hupashwa tena na kutoswa majini ili iwe ngumu, kisha hupashwa taratibu mpaka rangi ya samawati itokee. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho inavunjika kama kioo. Hazina kile kijino cha kuzuia samaki asichomoke; anayezitumia asilegeze uzi hata kidogo.

Mei. Tukuyu na Masoko

Mjomba alinipokea Tukuyu kwa chai na ndizi, tukateremka Masoko kwenye lile ziwa la kreta. Yeye alivua pale utotoni, visamaki vidogo vya kukaanga, kwa fimbo fupi na boya la bua.

Nilimuuliza walivua kina gani. Akainua mikono kuonyesha urefu wa fimbo. Hapo ndipo niliposhtuka. Boya lililofungwa mahali pamoja haliwezi kuwekwa mbali na ndoana kuliko urefu wa fimbo, la sivyo huwezi kurusha wala kumtoa samaki majini. Watoto wa fimbo za mita mbili walilijua ziwa lile kwa mita mbili za juu tu. Na Masoko ndilo ziwa ambalo watafiti walieleza mwaka 2015 kwamba samaki wa jamii moja wanagawanyika humo: wa pembeni, kwenye kina kisichozidi mita 5, madume yao ni ya manjano; wa kilindini, kwenye kina cha zaidi ya mita 20, ni ya samawati. Nilipomwambia mjomba kuhusu hao wa samawati alikaa kimya, kisha akasema hajawahi kumwona hata mmoja maisha yake yote. Bila shaka. Boya lake lilimwekea mpaka.

Dawa yake ilikuwepo, boya linaloteleza: linapita huru kwenye uzi hadi ligonge fundo dogo lililofungwa kwa kina unachotaka, na fundo lenyewe hupita kwenye pete za fimbo. Lakini hilo linataka rili na pete. Mwenye mwanzi na uzi uliofungwa nchani hawezi. Mzee wa Mufindi amewahi kuona fundo hilo. Nitamfunulia uzi alifunge.

Hatukuvua Masoko. Tulikaa tu tukazungumza, na nikaandika.

Juni

Mianzi imekatwa Ipogolo, mitano iliyonyooka, imening'inizwa kivulini ikiwa na jiwe mwishoni. Iliyopinda kidogo tumeipasha juu ya makaa na kuinyosha kwa goti.

Uzi. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na uzi wa kuvulia wa nailoni ukafuata muda mfupi baadaye, lakini vijijini kwetu ulichukua muda kufika, na ulipofika ulikuwa ghali. Bibi mmoja wa Kyela, upande wa mama yangu, aliwasokotea kaka zake uzi. Nilimpelekea katani iliyosafishwa. Alikunja kanga, akaweka nyuzi mbili pajani, akasukuma kwa kiganja kwenda mbele zikajisokota kila moja, akarudisha kiganja nyuma zikaungana. Mwendo mmoja, mbele na nyuma, na uzi unazaliwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Ana macho dhaifu. Hakuutazama hata mara moja. Kisha akaomba nta ya nyuki, akaupitisha, akauvuta kwa meno kupima.

Akaeleza kwamba uzi wa kaka mkubwa ulikuwa mnene kwa sababu alikwenda kuvua kambale, na wa mdogo ulikuwa mwembamba, na kwamba mdogo ndiye aliyeleta mboga mara nyingi zaidi. Hayo hakuyasema tulipozungumza mara ya kwanza bila katani.

Julai. Mtera

Nilipita ofisi ya uvuvi kwanza, nikaeleza nia yangu. Wavuvi wenyeji walinionyesha mahali pa kusimama, maana viboko na mamba wapo na si pa kuchagua mwenyewe.

Bwawa la Mtera lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ili kulihifadhia maji bwawa la umeme la Kidatu, na miti iliyofunikwa na maji bado inaonekana, mikavu, imesimama. Chambo kikilala chini kinanasa kwenye mizizi. Kwa boya, chambo kinaning'inia juu ya mizizi kwa kimo unachoamua. Hapo ndipo kifaa hiki kinajitetea chenyewe bila hoja.

Fimbo ya moshi, uzi wa bibi, boya la unyoya, shaba, ndoana ya sindano, ugali uliokandwa na unga kidogo wa dagaa. Maboya ya bua yalikuwa mfukoni kwa akiba. Mzunguko wa mwisho wa shaba niliuweka karibu na ndoana. Mzee wa Ipogolo alikuwa amenionya: perege haendi chini na chambo, anakiinua. Akikiinua anaubeba na ule uzito wa mwisho, na boya badala ya kuzama linapanda, kisha linalala. "Likilala, vuta. Ukisubiri lizame utasubiri hadi jioni."

Lilipanda. Ncha nyekundu ilitoka majini, ikaonekana sehemu nyeupe ya unyoya, boya likaanza kuinama. Nikavuta, na mwanzi ukapinda hadi mkononi. Perege wa kiasi, upana wa kiganja. Mvuvi mmoja wa makamo, aliyekuwa akitengeneza wavu kando, aliacha kazi akaja kulishika boya. Akaligeuzageuza. Baba yake alitumia unyoya wa kanga, akasema, na aliupaka masizi sehemu ya chini ili samaki asiuone kutoka chini. Nimeliandika hilo pale pale. Hakuna aliyekuwa amenitajia masizi.

Agosti, hali ilivyo

Vimekamilika: fimbo moja ya zamani, maboya ya bua, kandambili na unyoya, chubwi za shaba, ndoana mbili, uzi wa katani kama mita nane. Mianzi mipya itakuwa tayari ikikauka vizuri, pengine mwishoni mwa mwaka. Boya la masizi linatengenezwa, kwa unyoya wa kanga wa kufugwa.

Sehemu inayonikosesha usingizi ni Usangu. Wazee wa Mbarali walivua kambale na perege kwa boya kwenye vidimbwi vya Ruaha Kuu na kando ya kinamasi cha Ihefu, na tangu mwaka 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi kule chini kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vidimbwi vingine walivyovitaja kwa majina havina maji tena. Nakwenda Septemba, na sitabeba karatasi ya maswali. Nitabeba kisu, mabua makavu, katani, waya wa shaba na ndoo.

Pia natafuta mtu wa Makete au Ludewa aliyewahi kutengeneza boya kwa mti laini wa kienyeji. Nimesikia kwa watu wawili kwamba lilikuwepo, lakini wote walisikia kwa wengine, na hakuna aliyelishika. Mwenye baba, babu au bibi wa upande huo anayekumbuka, naomba anielekeze kwake, nitafika mwenyewe.